Kadi ya Kliniki Iliyobaki Kabatini

Mama aliyetualika nyumbani kwake Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa ameshaitoa kadi kabatini kabla hatujafika. Aliiweka juu ya meza kando ya birika la kahawa, akaifunika kwa kitambaa kama mtu afunikaye sahani ya mahamri. Ni kadi ya kliniki, ya karatasi ngumu iliyochakaa kingo. Ndani yake zimeandikwa tarehe kwa mkono, mwezi baada ya mwezi, kwa muda wa miaka sita, na kila tarehe ni sindano moja. Ya mwisho iliyotiwa sahihi ni ya mwanzoni mwa Machi 2020. Chini yake imeandikwa tarehe ya kurudi, Aprili. Mbele ya tarehe hiyo hapana sahihi wala muhuri.

Kadi ni ya mwanawe wa pili, ambaye ni fundi seremala. Aliugua akiwa na miaka 19. Alikuwa akisikia sauti za watu wasiokuwepo, na akaamini kwamba majirani wanatia sumu katika maji ya mtungi. Familia ilizunguka naye kwa muda mrefu kabla ya kufika hospitalini, na hayo tutayarudia. Alipoanza kudungwa sindano ya kila mwezi alitulia, akarudi kwenye karakana, akawa analeta nyumbani matumizi kama ndugu zake. Mama anasema kwamba katika miaka ile sita watu walisahau kuwa aliwahi kuugua, na yeye mwenyewe alikaribia kusahau.

Ametuomba tusimtaje kwa jina. Kisa chake alitaka kiandikwe kwa sababu anawajua wanawake wengine watatu katika mitaa ya jirani wenye kadi kama hiyo kabatini, na wawili kati yao hawajarudi kliniki na wagonjwa wao mpaka leo.

Tukumbushane kidogo yalivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Ndani ya wiki mbili shule na madrasa zilifungwa, milango ya misikiti ikafungwa, na kuanzia tarehe 27 Machi ikawekwa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilizuiwa, asiingie mtu wala asitoke. Kisha tarehe 6 Mei, tukiwa katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake, kama ilivyofungwa Eastleigh kule Nairobi. Tuliambiwa ni siku 15. Zikaongezwa hadi mwanzoni mwa Juni, na Idi ikatukuta ndani.

Wengi wetu tukiyakumbuka hayo huzungumza habari za riziki. Akina mama wa viazi vya karai, wa mbaazi na wa kaimati, ambao Ramadhani ndiyo mavuno yao ya mwaka, walikaa na makarai matupu. Tunakumbuka pia tarawehe zilizoswaliwa ukumbini, baba akiwa imamu wa mkewe na wanawe, na tukisema kweli zilikuwa na utamu wake. Lakini liko jambo ambalo halikutajwa katika mazungumzo yetu, wala katika taarifa za Wizara ya Afya tulizokuwa tukizisikiliza kila alasiri tukingoja idadi ya wagonjwa wapya. Mtu mwenye maradhi ya akili, ambaye uzima wake umefungamana na kufika mahali fulani siku fulani ya mwezi, atafikaje?

Kitengo cha maradhi ya akili kinachotegemewa sana na watu wa Mombasa kiko katika hospitali ya Port Reitz, huko Changamwe. Atokaye Likoni huanza na feri, na feri wakati huo ilipunguziwa abiria, watu wakasimama foleni juani kwa saa nyingi. Atokaye kisiwani hupanda matatu, na matatu ya watu 14 iliamriwa kubeba 8 tu, nauli ikapanda. Mgonjwa wa namna hii hasafiri peke yake, basi ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, katika mwezi ambao hapana aliyeingiza kitu. Mama huyu anasema Aprili alikaa na mumewe wakahesabu pesa za njia, kisha wakahesabu unga na mafuta, wakaamua kwamba mwezi mmoja si mwingi. Mwezi wa Mei uamuzi haukuwa wao tena, kwa kuwa askari walikuwa wamesimama kwenye vichochoro.

Na tusiweke lawama yote kwenye nauli. Hofu ilifanya kazi kubwa kuliko nauli. Hospitali iligeuka machoni petu kuwa mahali pa kupatia ugonjwa, na lililotisha kuliko ugonjwa ni karantini. Aprili ya mwaka ule watu waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini kama adhabu, na waliowekwa huko walitakiwa kujilipia gharama, mpaka serikali ilipoliondoa sharti hilo la malipo Mei. Sisi tunaona kwamba hilo lilikuwa kosa kubwa, na madhara yake yalikwenda mbali kuliko korona yenyewe. Pahala pa matibabu pakishafanywa pa adhabu, mwenye homa huificha homa yake. Na mwenye kijana anayesema peke yake barabarani, atampitishaje mbele ya askari?

Aprili ilipita, na kijana hakuonyesha dalili yoyote. Nusu ya kwanza ya Mei ikapita vilevile. Hapa pana jambo ambalo kila familia yenye mgonjwa kama huyu inapaswa kulifahamu, kwani ndilo lililowapoteza wengi. Dawa ya sindano ile imechanganywa na mafuta, na ikishatiwa msulini hutoka kidogo kidogo kuingia katika damu. Haikatiki siku tarehe inapopita. Hubaki mwilini kwa wiki kadhaa, wakati mwingine kwa miezi, na katika muda huo mgonjwa huwa mtulivu kama kawaida yake. Pengine huonekana mchangamfu zaidi, maana ule uzito na usingizi ulioletwa na dawa umeanza kumwondoka. Nyumba nzima humtazama ikasema, huyu amepona, na sindano zote zile zilikuwa za nini? Mama huyu hafichi kwamba na yeye aliwaza hivyo. Alimshukuru Mwenyezi Mungu, akaona kwamba katika msiba ule wa dunia nzima nyumba yake imepewa faraja.

Kilichotangulia kuondoka ni usingizi. Katika kumi la mwisho la Ramadhani kijana alikuwa macho usiku kucha, na hapana aliyeshangaa, kwani nani asiyekesha katika kumi la mwisho? Alikuwa akiswali, akisoma, akitembea ukumbini huku na huku. Idi ikapita, naye akaendelea kukesha. Siku moja baada ya adhuhuri alimwaga maji aliyopewa, akaomba soda ya chupa ambayo bado haijafunguliwa. Mama anasema miguu ilimlegea papo hapo, maana miaka ile ya mwanzo mambo yalianzia kwenye maji.

Nyumba ilikuwa na watu saba katika vyumba viwili, shule zimefungwa, wanaume hawana kazi. Kufikia Julai kijana alikuwa amefungiwa chumba cha nyuma, na mama alikuwa akilala kwenye mkeka mlangoni. Dada zake wadogo walihamia kwa majirani. Hapana haja ya kueleza zaidi. Waliowahi kulala mlangoni namna hiyo wanajua, na wasiowahi tunawaombea wasijue.

Wakati huo mizuio ya safari ilikuwa imeshaondolewa. Unaweza kuuliza, na sisi tulimwuliza, mbona hakumrudisha hospitalini Julai ileile? Alinyamaza kidogo, kisha akasema aliona haya. Alimwogopa muuguzi aliyekuwa akimsifu kwa kutokosa hata tarehe moja. Alidhani atakaripiwa. Tulilitafakari jibu hilo njia nzima tukirudi. Barabara ilifunguliwa siku moja kwa tangazo, lakini haya ya mama huyu hapana aliyeitangazia kwamba imeondolewa.

Jambo la pili ni nasaha za jamaa. Shangazi wa kijana walikuja na rai zao, kila mmoja na mwalimu wake. Akanyweshwa kombe, akasomewa, akafukizwa. Tungependa tueleweke vizuri hapa, kwa sababu wasomaji wetu wengi wamepita njia hiyo, na sisi pia. Kumsomea mgonjwa aya za Qur'ani ni jambo jema, na mgonjwa aliyezoea kuisikia hutulia moyo kwa kuisikia. Tatizo ni pale mwalimu anapoamuru dawa za hospitali ziachwe ili pepo asikasirike. Mtume, rehma na amani zimshukie, aliwaamrisha watu kujitibu na akafundisha kwamba maradhi yameshushwa pamoja na dawa zake, wala hakuyatoa maradhi ya akili katika amri hiyo. Wanazuoni wetu wa zamani walilifahamu hilo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na afya ya nafsi, akasema zote mbili huugua na zote mbili hutibiwa. Hospitali ya Sultani Qalawun huko Cairo, iliyojengwa 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili pamoja na wa homa na wa majeraha. Wazo kwamba mgonjwa wa akili afichwe chumba cha nyuma hatukulirithi kwao.

Huyo al-Balkhi aliandika pia juu ya wasiwasi, na hilo linatukumbusha kundi jingine lililosahaulika. Kila mtaa una mtu mwenye wasiwasi wa udhu, yule anayeosha mkono mara kumi na bado haamini kwamba umetoharika, akapitwa na jamaa kila siku. Maradhi hayo yana matibabu. Mwaka 2020 mtu huyu aliamka akakuta serikali, redio na mabango vyote vinamwambia aoshe mikono, aoshe tena, na asiguse kitu. Aliyekuwa akichekwa kwa kupoteza maji akawa mfano wa kuigwa. Tunamjua msichana mmoja ambaye ngozi ya mikono yake ilipasuka mpaka ikatoa damu, na jamaa zake wakimsifu kwa uangalifu. Mwaka uliofuata, wenziwe walipoacha kuosha, ndipo walipoona kwamba yeye hawezi kuacha.

Si Mombasa peke yake iliyopitia hayo. Kati ya Juni na Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani liliziuliza nchi 130 hali ya huduma zao za afya ya akili, na majibu yalipotolewa Oktoba ilionekana kwamba asilimia 93 ya nchi hizo zilikuwa na huduma iliyovurugika au kusimama kabisa. Ushauri nasaha na mazungumzo ya tiba yalikuwa yamevurugika katika asilimia 67 ya nchi, na huduma kwa watoto na vijana katika asilimia 72. Baadaye, Machi 2022, shirika hilohilo lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona na maradhi ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja. Waliohitaji matibabu waliongezeka katika mwaka uleule ambao milango ilipungua. Kwa hiyo kiongozi akitazama daftari la hospitali la mwaka 2020, akaona wagonjwa wa akili ni wachache kuliko mwaka uliotangulia, asifurahi. Wale ambao hawamo katika daftari walikuwa vyumba vya nyuma.

Pwani tulikuwa na hasara nyingine ambayo haihesabiki katika uchunguzi kama huo. Sisi hatukungoja hospitali ituletee tiba ya moyo. Tulikuwa nayo, na ilikuwa kazi ya wanawake. Mtu akifiwa, nyumba hujaa kabla maiti hajaoshwa. Wanawake hukaa naye siku tatu, wanapika, wanaosha vyombo, wanamkumbusha kula. Mjane aliye katika eda haachwi peke yake. Mzazi aliyejifungua hukaa arubaini, akakandwa, akaoshwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa pilipili manga, na katika siku hizo yuko mtu mzima anayemtazama usoni kila asubuhi. Bibi zetu hawakuwa na neno la sonona ya uzazi, lakini walijua mwanamke anapomtazama mtoto wake kama anamtazama mgeni, na walijua asiachwe.

Korona ilivifunga hivyo vyote siku moja na kliniki. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15. Maiti aliyeshukiwa kufa kwa korona alizikwa haraka, wenyewe wakiwa mbali, wasimwoshe wala wasimwone. Wapo wajane waliokaa eda nzima wakisalimiwa kupitia dirishani. Wapo wazazi waliomaliza arubaini bila ya mkono wa mamake, kwa kuwa mamake yuko Lamu au Malindi na mpaka wa kaunti umefungwa. Katika uchunguzi ule wa nchi 130, huduma za afya ya akili kwa wajawazito na waliojifungua zilikuwa zimevurugika katika asilimia 61. Huko kwingine, huduma ya mtaalamu ilipokosekana, pengine jamaa walibaki. Kwetu vilikosekana vyote viwili kwa pamoja, na mpaka leo hatujakaa chini tukauliza ni akina nani waliopitia hayo peke yao. Ukiwa na mkwe au dada aliyejifungua Aprili, Mei au Juni ya mwaka ule, na tangu hapo husema kwamba amebadilika, hebu kaa naye umwulize.

Baadhi ya huduma zilihamia kwenye simu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya liliweka laini ya ushauri nasaha ya bure, nambari 1199, na madaktari wengine wakaanza kuwahudumia wagonjwa wao kwa simu. Mwanzoni tulidhani jambo hilo halitatufaa watu wa huku. Tulikosea kwa upande mmoja. Simu iliwafungulia mlango wanawake ambao wasingekanyaga kamwe mahali penye kibao cha maradhi ya akili, kwa kuchelea kuonwa na mtu wa mtaani. Simu haina foleni ya kuonwa. Mwanamke mmoja wa Majengo alitwambia kwamba alizungumza na mshauri kwa muda wa miezi minne, na katika ukoo wake wote hapana anayejua.

Lakini alizungumzia wapi? Hilo ndilo swali. Nyumba zetu zina vyumba viwili au vitatu, kuta nyembamba, watoto kila pembe, mume hana kazi ameketi ukumbini, mama mkwe yuko uani. Simu yenyewe huenda ni moja kwa nyumba nzima, na mwenye kuishika ni baba. Mwanamke huyo alikuwa akipanda juu ya paa la ghorofa baada ya alasiri kana kwamba anaanua nguo, na akisikia hatua kwenye ngazi alibadilisha mazungumzo, akawa anauliza bei ya mchele. Mshauri wake aliizoea bei ya mchele. Na huyu ana paa la kupanda. Mwenye kuteswa na mtu aliye naye chumba kimoja hakuwa na mahali pa kusemea.

Wako pia vijana wetu wanaojitoa katika unga. Methadoni, dawa inayowasaidia kuacha heroini, hunywewa mbele ya mhudumu, na kwa kawaida kila siku bila kukosa, katika kliniki kama zile za Malindi na Kisauni. Kila siku, wakati wa kafyu, wakati wa foleni za feri na matatu ya watu 8! Waliodumu katika dawa katika miezi ile walifanya jihadi ambayo mtaani haikupewa heshima yake. Na walioanguka, kabla hatujawaita kwa majina tuliyozoea kuwaita, tujiulize kama sisi wenyewe tungeifika Kisauni siku tisini mfululizo.

Serikali haikulala kabisa. Jopo lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilikabidhi ripoti yake juu ya afya ya akili Julai 2020, janga likiwa limepamba moto, likapendekeza hali hiyo itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho, na sasa serikali za kaunti zina wajibu wa kutoa huduma hizo kwa watu wao. Ni hatua njema. Mwenye kukaa Faza au Kizingitini, hata hivyo, bado hupanda mashua kwanza akitaka kumwona daktari wa akili, na mashua haisomi sheria.

Turudi kwa yule kijana. Mama alijikaza kumpeleka hospitalini Desemba 2020, akakuta wahudumu wa afya wako katika mgomo wa nchi nzima. Akarudi naye nyumbani. Alimpeleka tena Machi 2021, mwaka mmoja kamili tangu sindano ya mwisho, akisindikizwa na nduguye mkubwa na jirani mmoja mwenye gari. Kijana alilazwa wiki tano. Muuguzi yule aliyekuwa akiogopewa hakukaripia. Aliitazama kadi, akasema kwamba mama huyu ni wa kumi na kitu kuja na pengo kama hilo, kisha akaomba kadi mpya.

Kwa wale wenye kadi kabatini, tuliyojifunza kwake na kwa muuguzi mmoja mstaafu anayeishi karibu nasi ni machache. Mgonjwa aliyeacha dawa muda mrefu asirudishiwe dawa za zamani zilizobaki chupani kwa kipimo kilekile. Hilo aamue daktari, kwani mwili umeshabadilika na dawa huenda zimeharibika. Kadi ikipotea si neno, mwende bila kadi, lakini majina ya dawa alizokuwa akitumia mkiyakumbuka yaandikeni. Pasipo nauli ya kufika hospitali kubwa, anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu mwombe barua. Na kama mgonjwa ni wa kifafa, ambaye naye mara nyingi huhudumiwa na kliniki hizohizo, msimkatizie dawa ghafla hata kwa siku chache kwa kuona kwamba haanguki tena. Kukatizwa kwa ghafla kunaweza kumletea mishtuko isiyokoma, na hiyo huua.

Muuguzi yule aliongeza jambo moja lililotupendeza. Anasema familia yenye mgonjwa wa kudumu imwulize daktari mapema, siku za salama, itafanya nini njia zikifungwa tena. Dawa za ziada zitawekwaje, ipo namna ya vidonge badala ya sindano, na ni jirani gani atakayepewa habari. Tulipokuwa tukihifadhi mchele na unga wa ngano Machi ile, anasema, hapana aliyekuja kumwuliza hayo.

Kijana yuko nyumbani. Hakurudi vile alivyokuwa. Karakana ilimchukua mwingine, na mikono yake hutetemeka kidogo, basi mlango wa nakshi hauwezi tena kwa sasa, ila hutengeneza vibao vya kukalia na mbuzi za kukunia nazi, na mama huviuza. Hulala usiku. Maji ya mtungi hunywa.

Tulipoinuka kuaga, mama alizikusanya kadi zake mbili, ya zamani akaiweka ndani ya mpya, akazirudisha kabatini. Tulimwuliza sababu ya kuihifadhi ile ya zamani. Alisema Jumanne ijayo atafuatana na mmoja wa wale wanawake wawili, yule wa mtaa wa nyuma ambaye binti yake hajaonekana nje tangu mwaka ule. Ameshakubali kwenda, lakini anaona haya kwa muuguzi. Kwa hiyo atakwenda na kadi hii yenye pengo, amwonyeshe wakiwa njiani kwenye matatu.